Shavu la Upande wa Dirisha

Miaka kumi na tisa nakata tiketi Kamanga,
kibandani, dirisha likitazama maji,
na jua halinipigi mara moja kama wengine:
linanipiga likishuka, kisha linalipiga ziwa,
ziwa nalo linanirudishia chenji.
Ndiyo maana shavu la kushoto ni la mama mkubwa
na la kulia ni langu.

Hilo sikuliona mimi. Aliliona Holo,
binti wa duka la dawa kule Makoroboi,
nilipofuata dawa ya minyoo ya wajukuu.
"Mama Masalu, uso unaosha na nini?"
Nikamwambia: sabuni ya mche.
Ileile ya mashuka, ileile ya masufuria;
kipande kikibaki chembamba kama ulimi, ndicho cha uso.
Hakucheka. Macho yake yalicheka kidogo.

Nilitaka anipe kile cha kopo la waridi
kilichomng'arisha jirani yangu Kwimba mpaka shingoni,
vidole vikabaki vyeusi, kama ameazima mikono.
Akakisukuma nyuma. Akatoa vitu vitatu,
akavipanga juu ya kioo cha kaunta:
"Cha kuosha. Cha kulainisha. Cha kukinga jua.
Asubuhi vyote. Usiku, hicho cha jua kipumzike.
Usiongeze cha nne
hata wifi yako akikuletea kutoka Kampala."
Bei yake ilikuwa sato wawili wakubwa na nauli.

Usiku wa kwanza nilisahau.
Usiku wa pili nilikumbuka nikiwa kitandani,
nikajiambia uso hauna miguu, hautakwenda popote.
Wa tatu niliinuka.
Maji ya ndoo, baridi ya mawe yote ya Igogo mle ndani.
Mzee Lubango akafungua jicho moja:
"Unajiandaa kwenda wapi saa hizi?"
"Kulala."
Akalifunga, lakini najua hakulala.

Siku ya sita kikatoka kipele kidevuni,
nikampigia Holo simu kama niliyeibiwa.
"Unasugua," akasema. "Uso si sufuria, mama.
Paka kama unafuta vumbi kwenye picha ya mtu."

Basi polepole. Kiasi cha punje ya harage.
Nukta tano: paji, pua, kidevu, huku, huku.
Na masikio, niliyoyasahau tangu ubatizo.
Cha jua kikaniacha mweupe,
kijana wa kamba za kivuko akauliza
kama nimehamia mashine ya kusaga.
Nikamwambia subiri. Kikazama, taratibu, kama maji kwenye mchanga.

Siwezi kusema nimekuwa mzuri.
Shavu la kushoto bado ni la mama mkubwa.
Ila jambo moja lilinikalisha juu ya ndoo:
miaka yote hii mkono wangu umepanda usoni
kufuta tu.
Jasho. Moshi wa kuni mbichi.
Na yale ya mwaka ule wa Masalu, ambayo siyasemi.
Haukuwahi kupanda umebeba kitu.

Jana umeme ulikatika. Kioo kikawa ukuta.
Nikafanya gizani, vidole vikitangulia,
vikafika kwenye kovu juu ya unyusi,
la jiwe la Mabatini, nikiwa na miaka saba,
nikimfukuza mbuzi ambaye hata hakuwa wetu.
Nilidhani limefutika. Lipo,
laini, kama mshono wa ndani ya gauni.

Asubuhi tiketi ya kwanza ikatoka na alama ya dole la mafuta.
Abiria akaitazama, akaifuta kwenye suruali,
akakimbilia kivuko.
Nami nikavuta kiti nusu hatua kutoka dirishani.
Nusu tu.
Ziwa bado nalipenda.