Tarehe Mosi Julai, Kabla ya Saa Sita

Bendera itakaa nusu mlingoti hadi saa sita.
Baada ya hapo itapandishwa juu kabisa, na nchi itakula keki.
Ndivyo ilivyo siku hii huku kwetu Newfoundland:
asubuhi matanga, usiku fataki.

Tumesimama watu tisa. Nimetuhesabu mara mbili.
Ukungu umepanda kutoka ghubani, umelilamba jiwe,
umeyalowesha majina kumi na moja
na maua ya usinisahau tuliyobandika vifuani,
ya karatasi, ya buluu,
yanayochujia rangi kwenye makoti yetu.

Nilipokuwa na miaka sita tulijaa hadi ngazi za kanisa.
Baba alinipandisha mabegani. Nikaona vipara, kofia,
na medali za mzee Azariah Tuck zikigongana
kama vijiko ndani ya droo.
Nikacheka. Nikafinywa paja.

Mwaka wa pili wa ndoa yangu
Hedley alipiga tarumbeta na mdomo uliopasuka kwa baridi.
Sauti ikakatika pale inapopaswa kupanda.
Akarudia. Ikakatika palepale.
Hakuna aliyegeuka kumtazama.
Hadi leo, nikiambiwa niwakumbuke wafu,
kinachotangulia kunijia ni lile pengo.

Na kiangazi cha kwanza baada ya serikali kufunga uvuvi wa chewa
wanaume walikuja wote, wamenyoa ndevu, hawana pa kuwahi.
Dakika mbili zikapita, wakaendelea kusimama,
wala sikujua walikuwa wakimlilia nani.
Kufika majira ya majani kupukutika, nyumba nne zilikuwa zimepigwa misumari.

Leo tarumbeta inatoka kwenye gari la mpwa wangu Randell,
milango wazi, sauti imefunguliwa hadi mwisho.
Imenyooka. Haikatiki popote.
Naisikiliza kwa kinyongo.

Jina letu ni la saba: GARLAN PARDY.
Herufi ya mwisho, ile D, haipo.
Mchongaji aliwahi kuja na patasi yake kuirekebisha, bure, bila malipo,
bibi yangu Selina akamzuia:
"Acha. Kaka yangu alijiandika hivyohivyo."
Kila mwaka aliweka kidole gumba baada ya ile N,
kama mtu anayeziba tundu la ndoo.
Sasa naweka changu.
Sijui kama jiwe limebonyea hapo
au ni kidole kinachotaka liwe limebonyea.

Kimya.
King'ora cha mnara wa taa kinaguna huko nje.
Tumbo la mtu linanguruma, nadhani ni langu.
Binti wa Randell anavuta mkono wa baba yake,
anauliza, si kwa kunong'ona:
"Wameshamaliza?"

Hakuna aliyemjibu.
Randell alikwenda kufunga milango ya gari.
Saa tano na nusu, na bendera ilikuwa bado nusu,
na ukumbini birika lilishaanza kupiga mluzi.