Ishirini Haipo

Baba hakuwapenda mapapa walioishi sana.
"Hao wana sanamu," alisema, "hawanihitaji."
Katika daftari lililoshonwa mgongo kwa uzi wa gunia
alikusanya waliopita kama mvua ya Desemba hapa Mlali:
wa mwaka, wa miezi,
wa siku zisizotosha mtama kuchipua.

Kipenzi chake alikuwa tabibu.
Petro, mzaliwa wa Lisboni,
ambaye, wanasema, aliandika kitabu kizima juu ya jicho.
"Jicho!" Baba alinitikisa bega.
Mimi nilikuwa nimetoka Mvumi na cheti cha wiki sita,
kisu kidogo, uzi, na kazi ya kugeuza kope
za akina mama ambao kila wakipepesa
nywele zao wenyewe ziliwachoma mboni.
Jioni akauliza: huyo Papa angetumia dawa gani?
Nikasema, tetrasaiklini.
Akaiandika pembeni, kwa penseli.

Walimchagua Septemba, mwaka 1276,
akajiita Yohane wa Ishirini na Moja
ilhali wa ishirini hajawahi kuwapo.
Makarani walikosea kuhesabu, basi.
Baba alicheka mpaka kikohozi kikamshika.
Lakini daftarini aliruka mstari, akauacha mtupu.
"Huwezi kujua. Labda mtu atakuja kuudai."

Huko Viterbo yule Papa alijijengea chumba cha kusomea,
mambo ya dunia akawaachia wenye sauti kubwa,
akafunga mlango.
Mei, dari ikamwangukia.
Wapo walionena kwamba Mungu alichoshwa na vitabu vyake.
"Mungu hashughuliki na boriti," alisema Baba.
"Muulize fundi."

Aliyasema hayo akiwa ndani ya tembe,
paa lake la udongo limeota majani,
na boriti moja ya chuma, kipande cha reli
kilichosahauliwa na mradi wa karanga.
Kaka zangu walimjengea nyumba ya bati, hatua thelathini tu.
Akaweka mbuzi humo.
"Bati lina kelele. Mimi nasoma."

Mvua ya elinino haikubisha hodi.
Usiku wa tatu udongo ulikunywa ukalewa.
Nilisikia kishindo, wala si kikubwa,
kama mtu mnene anayeketi.

Tulichimba kwa sufuria, kwa jembe, kwa kucha;
Chiloleti wa jirani alichimba kwa sahani ya bati.
Reli ilikuwa imeegemea ukuta
ikaacha nafasi ya mtu mmoja na daftari.
Mguu umevunjika. Macho yamejaa udongo.
Niliyaosha kwa maji ya chumvi, nikageuza kope
kama nilivyogeuza za wengine,
yakanitazama, mekundu.
"Yule Papa aliishi siku ngapi baada ya dari?"
"Sikumbuki," nikadanganya.
"Sita," akasema. "Mimi nakumbuka."

Akazihesabu kwa vidole, kitandani, kwenye nyumba ya bati,
katikati ya mbuzi ambao alikataa wafukuzwe.
Ya nne, homa.
Ya tano, padre akaja na mafuta, suruali imelowa hadi magotini.
Ya sita hakusema neno,
nami sikulala, mvua ikilipiga bati,
nikimchukia mganga wa Lisboni
kana kwamba ndiye aliyenipangia zamu.

Ya saba aliomba ugali wa uwele na mlenda.
Akala. Akalamba vidole vile vile vya kuhesabia.
Akaomba penseli.
Kwenye ule mstari mtupu, wa ishirini,
aliandika jina lake la ubatizo na la nyumbani:
Yohane Ndahani, katekista, Mlali.
Kuanza: leo, Jumatano.
Kuisha: akaacha nafasi.

Daftari ninalo mimi.
Miaka kumi na moja baadaye tarehe niliijua,
na kalamu ilikuwa mfukoni, ya zahanati, imejaa wino.
Niliufungua ule ukurasa.
Nikaufunga.