Bao Tupu

Ghorofa ya kwanza, Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani,
juu ya duka la Shekue la beringi na mikanda,
naifundisha kompaila kusoma nia.

Maandishi inayasoma tangu Machi. Nia bado.

Singano, aliyeandika programu ya ghala la mkonge kule Pongwe,
ni mtu wa hatua kwa hatua. Kila biti kwake ni mlango:
sufuri umefungwa, moja u wazi.
Anatazama biti ya kulia kabisa. Sufuri? Anahesabu,
anaisukuma namba kulia, anatazama tena,
mpaka akute moja, au milango thelathini na miwili iishe,
kama mlinzi na tochi, kitasa kwa kitasa.

Na prosesa inayo amri moja ya safari hiyo yote.
Moja!
Kama sisi tusemavyo *hawajatufungulia*
na mgeni akahesabu vidole kutafuta sentensi imejificha wapi.

Nilipokwama nililiteremsha bao la baba juu ya kabati.
Safu nne, mashimo nane nane.
Aliyelichonga hakujua anachonga rejista.
Nikatia kete: hakuna, hakuna, moja, hakuna.
Kugeuza baiti ni safu kubadilishana nyumba.
Kuzungusha ni kete ya ukingoni kutokea upande wa pili.
Na amri niliyoitaka ni kidole tu,
kikipita juu ya matupu kutoka kulia
mpaka kigonge kete ya kwanza.

Jumatano kompaila ikaelewa.
Mistari kumi na mmoja ya Singano ikawa mmoja.
Nikapiga meza, Shekue akauliza huko chini
ni kitu gani kimeanguka.

Ijumaa Singano akapiga simu.
"Ghala limefungwa lote. Nimevishika vitasa mwenyewe.
Mbona taa ya mlango wa saba inawaka?"

Nilichukua siku mbili na chai nyingi ya tangawizi.
Prosesa mpya, ukiiuliza sufuri, hujibu thelathini na mbili,
maana yake: nimefika mwisho, sikuona kitu.
Ya Pongwe ni kongwe, ya mtumba.
Haikuijua amri yangu, wala haikukataa.
Iliruka herufi za mwanzo, ikasikia jina la binamu yake wa zamani,
na binamu, akiulizwa juu ya sufuri, hana jibu:
huacha mkononi kilichokuwamo.
Saba ya jana jioni.

Namba nyingine zote zilitoka sawa.
Ni utupu tu uliosema uongo.
Na Singano na tochi yake, kwa uvivu wa hatua zake,
alikuwa sahihi tangu mwanzo.

Usiku ule niliondoa kete zote.
Nikapitisha kidole safu kwa safu,
kikafika ukingo wa ubao, kikaangukia meza.
Kisha, sijui kwa nini, nikaipiga namba ya baba,
ambayo sijaifuta.
*Mteja unayempigia hapatikani kwa sasa.*
Mtandao, angalau, umefundishwa la kusema.

Nikaongeza ulinzi: linganisha na sufuri kwanza, kisha ruka.
Amri mbili zaidi. Msimbo umepoteza urembo kidogo.
Juu ya mstari, mahali pa maelezo, nikamwachia atakayenifuata:

*Ewe ujaye kwa zamu, tazama kabla hujenda,*
*Sufuri haina damu, ndiyo iliyotushinda,*
*Iulize kwa nidhamu, isijibu kwa kupenda,*
*Kongwe haina fahamu, neno jipya huliponda.*

Jumatatu Singano aliandika neno moja: *imezimika*.

Bao bado liko mezani.
Shekue alipanda kudai kodi, akaliona,
akauliza kete ziko wapi.
Nikamwambia thelathini na mbili.
Akanitazama, akaihesabu hela yake, noti kwa noti,
akashuka.