Nakala Zisizolipiwa

Duka langu lipo Kiborloni, nyuma ya mitumba:
mlango wa bluu, rimu kumi na mbili za karatasi,
na mashine moja ya kurudufu inayokohoa
kila umeme ukirudi.
Nimeilea miaka tisa. Najua inavyokula wino.
Haibagui. Ukiiwekea cheti cha ubatizo, itatoa cheti;
ukiiwekea tusi, itatoa tusi,
kurasa mia, safi, zenye joto kama maandazi.

Ndetaramo, mdogo wangu, alikwenda kumtolea damu shangazi.
Damu ikakataliwa.
Homa ya ini, wakasema, ile ya B. Akacheka:
"Ini langu? Mbona halijaniambia kitu?"
Kweli. Jino likiuma hukesha nawe,
lakini ini hufanya kazi limeinama,
kama mama wa Kilema aliyebeba majani ya ng'ombe
na mzigo umemfunika uso.

Bwana Mzirai wa maabara aliona sielewi.
Akauliza nafanya kazi gani. Nikamwambia.
"Basi utaelewa kuliko wengi," akasema, akavuta kiti.

Kirusi hakina duka, dada. Hakina mashine, hakina hata rimu.
Kina ukurasa mmoja tu, umekunjwa ndani ya bahasha.
Kwenye ukuta wa seli ya ini kuna kijilango
ambamo chumvi za nyongo hupita zikirudi nyumbani.
Hapo ndipo kinapobisha.
Kikishaingia hakitembei, kinadandia reli za ndani
ambazo seli ilijitandikia kusafirisha mizigo yake,
mpaka kwenye kiini, ofisini,
lilipo jalada la ukoo mzima.
Ukurasa wenyewe umefika na pengo;
mafundi wa seli, kwa uungwana wao, wanaliziba.
Unakuwa pete.
Na makarani wasiouliza maswali
wanaisoma ile pete kama waraka wa mkubwa,
wanaanza kunakili.
Wino wetu. Karatasi yetu. Umeme wetu.

"Halafu bahasha," akasema, "zinatengenezwa nyingi mno,
maelfu kwa maelfu tupu, zinamwagwa kwenye damu,
askari wa mwili wahangaike kufungua
barua zisizo na neno,
huku barua yenyewe inapita."

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Nilikariri hilo darasa la tatu, nikapata vema.

Jumapili tulipanda kihambani.
Kata ya Ndetaramo ilikuwa imetengwa,
imefungwa uzi mwekundu mpinini,
imewekwa peke yake juu ya pipa.
Hakuna aliyesema aliyeifunga.
Yeye aliiona, akaanza kuulizia bei ya kahawa.
Hapo ndipo maini yangu yalipokatika,
yangu mimi, niliyepimwa nikakutwa salama.

Mzirai alikuwa amenieleza: damu, wembe, kitanda, uzazi.
Kata, hapana.
Mkunde mkewe na watoto wameanza chanjo,
wametoka na mabega yanauma na pipi mkononi.
Niliichukua ile kata, nikachota mbege,
nikanywa mpaka machicha yakanigusa meno,
kisha nikampa shangazi.
Alinitazama kwa muda mrefu sana.
Sisemi alikunywa. Sisemi alikataa.
Uzi aliukata kwa kisu cha ndizi.

Siku hizi anameza kidonge kila usiku baada ya taarifa ya habari.
Kidonge kinamshika karani mkono,
nakala zinapungua mpaka kipimo hakizioni.
Pete haiondoki.
"Imekaa kiinini," Mzirai alisema, hakupunguza neno,
"ndiyo maana hatuachi dawa tukijisikia vizuri."

Nafunga duka saa moja.
Wateja wana tabia moja: wanabeba nakala,
wanasahau waraka wenyewe juu ya kioo.
Kwa hiyo kabla ya kuzima taa nafunua kifuniko.
Leo nimekuta kitambulisho cha mtu,
uso chini,
bado kina joto.