Kura ya Ishirini na Tisa

Kwanza ulikuja mlingoti mmoja mwembamba
na vikombe vitatu vya kupimia upepo.
Miaka miwili ulisimama kileleni Outeiral
ukinukuu kwa tarakimu
jambo ambalo kila farasi wa huku Galisia analijua:
Januari ikifika, mgongo uelekezwe wapi.

Kisha wakaja wenye ramani.
Tulikutana ukumbi wa parokia, watu ishirini na tisa,
maana mlima huu hauna mwenyewe,
una wenyewe.
Mimi karani, daftari gotini.
Ndiyo, kumi na tisa.
Hapana, tisa.
Obdulia Seoane hakuinua mkono. Aliuliza tu:
"Upepo ukishapita kwenu,
huku chini utatufikia umebaki na nini?"
Mhandisi akacheka, akakunja ramani.
Nikaandika: *Swali moja. Halikujibiwa.*

Mapanga yalipanda usiku, moja moja,
juu ya malori marefu kuliko kanisa.
Kwenye kona ya kwa Casimiro waliubomoa ukuta,
wakaujenga upya, ukatoka mzuri kuliko wa babu yake,
na hilo ndilo hajawasamehe.

Sitadanganya. Kodi ya mlima imeleta bomba,
imeleta daktari wa kila Alhamisi.
Farasi wa porini wanajikuna mbavu kwenye minara
kana kwamba walisimikiwa wao.
Usiku taa nyekundu kumi na nne
zinawaka na kuzima kwa pamoja,
nami, nisiyelala, nimezizoea
kama pumzi ya mtu chumba cha pili.

Ila Novemba, saa kumi na moja jioni,
jua likishuka nyuma ya mtambo wa sita,
kivuli cha panga huingia dirishani kwa Obdulia,
hupita mezani, hutoka, hurudi,
kinakata mkate kabla ya kisu.
Dakika ishirini na mbili; amezihesabu.
Kampuni ilimletea pazia zito.
Akalishona mfuko wa viazi.

Jana nilimkuta ameweka kiganja juu ya mkate,
anakiondoa kivuli kikija, anakirudisha kikipita,
hakosei hata mara moja,
na usoni, sijui,
hasira haikuwa peke yake.

"Daftari unalo?"
Ninalo.
"Basi andika."
Niandike nini, Obdulia?
Kivuli kikapita. Kiganja kikarudi.
"Kwamba mimi bado sijapiga kura."