Amri Zilizobaki Tornio

Swichi hazina akili, Veli-Matti alinifundisha,
usizionee huruma.
Pakiti ikija, swichi hutazama jedwali lake:
hii ipite mlango wa tatu,
ile itupwe.
Ikikosa mstari unaolingana na inachokiona
haibuni kitu. Hulipandisha swali
hadi kwa kidhibiti, hapa Kemi,
chini ya jengo lililokuwa benki.
Kidhibiti ndicho chenye ramani nzima.
Hujibu, na jibu huandikwa
katika kila swichi iliyo njiani
ili swali lile lisiulizwe tena.

Swichi mia mbili na arobaini, sauti moja.
Mimi huilinda sauti hiyo
kwa kahawa na soksi za sufu.

Januari, saa tisa ya usiku,
nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
katapila la kusukuma theluji lilipotea njia pale Kaakamo,
likauma ardhi, likakata fiba.
Kwenye skrini yangu swichi kumi na moja za hospitali ya Tornio
zikawa nyekundu, moja baada ya moja,
kama damu ya pua juu ya foronya.

Nikapiga simu ya mkononi.
Akapokea muuguzi Sirkka-Liisa Ruokamo, anatafuna kitu.
"Kwetu shwari," akasema.
"Mashine zinapumua, mapigo ya moyo yanafika mezani kwangu.
Ila kuna pampu imeletwa jioni, wodi ya nne.
Hiyo tu inabisha hodi na haifunguliwi."

Nikaelewa.
Zilijua zimekatikiwa. Zikashika walichoachiwa wazee na watoto wa wodi ile:
amri za mwisho, neno kwa neno.
Pampu ilikuwa mgeni ambaye hakuna aliyemwandika,
na wa kuulizwa hayupo.

Baba alifariki Oktoba.
Bado saa nne usiku nazima taa ya gereji kama alivyotaka,
ingawa gari tuliliuza.
Lakini Aune, dada yangu, aliponiuliza
nyumba tuiuze au tusiiuze,
nilipekua jedwali zima.
Hamna.

Tornio kulikuwa na kidhibiti cha akiba,
kimefungwa kwenye stoo ya mashuka,
kazi yake kusikiliza mapigo ya cha Kemi.
Pigo likakosekana. Kikasubiri.
La pili.
La tatu, na kikajitangaza mkuu
kwa namba mpya: kumi na nane.
"Pampu imeitikiwa," akasema Sirkka-Liisa, akakata simu,
ana wagonjwa.

Saa kumi na moja mafundi waliunga nyuzi, vidole vimekufa ganzi,
na kidhibiti changu kikaziona tena swichi zake,
kikidhani usiku ni ule ule,
kikaanza kuamuru.
Mafahali wawili, zizi moja:
hapo ndipo mitandao huvunjika.
Nilishika kikombe kisicho na kahawa.

Swichi hazikubishana wala kuchagua upande.
Zilitazama namba.
Kumi na saba ni ndogo kuliko kumi na nane.
Zikajibu: umepitwa.

Na kidhibiti, hili ndilo ninalolirudia kichwani,
kilisoma jibu,
kikashuka cheo bila kinyongo,
kikaomba nakala ya yote yaliyotokea
kilipokuwa hakipo.

Veli-Matti aliingia asubuhi, theluji mabegani.
"Nani mkuu sasa?"
"Tornio."
"Irudishe Kemi."
"Mchana," nikasema. "Haina haraka."

Usiku uliofuata, saa nne, nilisimama mlangoni mwa gereji,
kidole juu ya swichi,
ile ya ukutani, isiyo na jedwali.
Nikampigia Aune.
Ikaita mara moja. Mara mbili.
Akapokea.