Mlango wa Jikoni

Ghorofa ya tatu, Kasarani, mwezi wa saba.
Sisi hapa hii tunaiita baridi:
Awuor wa uhasibu amejifunga leso juu ya koti,
chai inapoa kabla sukari haijayeyuka.
Nami natazama nchi nisiyowahi kuikanyaga,
juu kabisa, kaskazini ya ramani,
ambako udongo uliganda kabla ya kupewa jina.

Setilaiti hupita huko kila siku kumi na mbili.
Haina jicho. Inapiga hodi kwa mawimbi
na kusikiliza jinsi ardhi inavyoitika.
Ikiwa imeganda, huitika chini chini
kama mtu aliyeamshwa usiku wa manane.
Ikilowa, hupaza.
Mawingu si kitu, giza si kitu;
hodi haihitaji taa.

Kazi yangu ni kutoa hodi ya juzi katika hodi ya leo.
Kinachobaki ni rangi, pete ndani ya pete,
kama mafuta ya taa juu ya kidimbwi:
majira ya baridi ardhi imefura sentimita nne,
ya joto imeshuka tano.
Kifua cha aliyelala.
Ila hesabu haifungi. Kila mwaka
inashuka kuliko ilivyopanda,
na sentimita hiyo moja
hakuna aliyeiandikia risiti.

Jumapili nilimweleza mama, kule Utawala.
Nikasema, fikiria friji kubwa, imejaa nyama.
"Stima imepotea?"
Si kupotea, mama. Inapungua kidogo kidogo.
"Hiyo ndiyo mbaya," akasema.
"Ikipotea yote utakimbia uokoe nyama.
Ikipungua, utaambiwa na harufu."
Nilisoma miaka sita kuifikia sentensi hiyo.

Akaniinua, akanipeleka jikoni.
Nyumba yake imekaa juu ya udongo mweusi,
ule unaoshika kiatu na kukataa kukirudisha.
Ukishanywa mvua za Aprili hufura,
mlango hugoma, hufunguliwa kwa bega.
Ikifika Septemba hukauka, hupasuka,
mlango hujifungua wenyewe usiku
na paka wa jirani huingia bila hodi.
Nyuma ya mlango, toka dirishani hadi sakafuni,
ufa.
Fundi Kilonzi alikuja na ndoo ya saruji
na methali ile iliyo mdomoni mwa kila fundi.
Mama akamrudisha.
"Huu siuzibi. Nausoma."

Kando ya ufa, vistari vya penseli,
na mwandiko wa karani wa posta aliyestaafu:
*14 Mei, bega mara mbili.*
*2 Okt., paka.*
*9 Mei, bega mara tatu, na teke.*
Miaka kumi na mmoja, ukutani, kwa penseli.

Jumatatu, wenzangu walipokwisha kuondoka,
niliigeuza kazi, nikaitafuta Nairobi.
Hakuna aliyenituma.
Nyumba ya mama haikutosha hata nukta moja;
imegawana nukta na tangi la maji
na banda la kuku la kina Nthenya.
Lakini nukta ile inapumua.
Mei juu, Oktoba chini,
na hairudi ilipokuwa.
Nikachora mstari wa rada na mstari wa penseli
kwenye karatasi moja.
Penseli ilitangulia.
Kila mwaka, siku tano au sita, ilitangulia.

Nikampigia. Mama, nimeiona nyumba yako kutoka angani.
"Mlango wa jikoni umefungwa?"
Mlango hauonekani, mama.
"Basi hujaiona."
Kimya. Nikasikia sufuria, maji, mfuniko.
Halafu akauliza kama watu wa huko kwenye barafu
wana penseli.